MILIMA HAIKUTANI, BINADAMU HUKUTANA

Maandishi ya mazungumzo ya redio juu ya amani, kwa jamaa zilizohama makwao na kwa viongozi wa vijiji na mitaa

 

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu matembezi. Msishangae. Najua kwamba mtu anayelala chini ya shitingi, ambaye hajui watoto watakula nini jioni, hana hamu ya kusikia habari za matembezi. Lakini nawaomba mnisikilize mpaka mwisho, kwa maana liko jambo ambalo halionekani vizuri ukiwa ndani ya kambi, wala ukiwa ndani ya ofisi. Linaonekana ukisimama ukingoni mwa ziwa letu la Tanganyika na kutazama ng'ambo.

Kinachoonekana

Tuanzie Uvira. Mji huu umebanwa kati ya maji na milima ya Mitumba, ambayo juu yake inapita mita 3,000. Shuka ufukweni saa kumi na mbili ya asubuhi, uupe mlima mgongo. Mbele yako kuna ziwa. Ng'ambo ya ziwa, mwendo wa kilomita kama 25, kuna Bujumbura, na nyuma ya Bujumbura milima ya Burundi imepangana mmoja nyuma ya mwingine. Mrefu kuliko yote katika nchi hiyo ni Heha, unaopita mita 2,600. Jua linatokea huko.

Sasa mfikirie mtu aliyesimama Bujumbura jioni. Yeye anatazama magharibi, na jua linazama nyuma ya milima yetu. Mlima ambao wewe unauona kila siku juu ya paa la nyumba yako, yeye anaujua kama mahali jua linapolala.

Ukishuka kusini kwa njia ya Kalundu, Makobola, Swima na Mboko hadi Baraka, ni kilomita kama 90, na sehemu kubwa ya njia hiyo imepita katikati ya mlima na maji. Ukifika Baraka utaona nchi kavu imenyooka ndani ya ziwa kama mkono wa mtu. Hiyo ndiyo rasi ya Ubwari. Ziwa linaendelea kwenda Kalemie na Moba, mpaka nchi ya Zambia. Urefu wake wote ni kilomita kama 670, na kina chake kinafika mita 1,470. Katika dunia nzima ni ziwa moja tu lenye kina kupita hili letu, nalo ni Baikal la huko Urusi. Wafanyabiashara wa zamani waliotoka pwani ya mashariki waliliita Bahari ya Ujiji, na hawakukosea sana, kwa maana mahali pengine mtu hauoni ukingo wa pili.

Nchi 4 zinakunywa maji haya: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Sehemu kubwa ya ziwa ni ya kwetu na ya Tanzania. Mto Ruzizi unaleta maji kutoka ziwa Kivu. Mto Malagarasi unaleta mengine kutoka Tanzania. Mlango wa kutokea ni mmoja tu, nao ni mto Lukuga, pale Kalemie. Mvua iliyonyesha juu ya milima ya Burundi inaingia ziwani, na yale maji ambayo jua halikuyakausha yanatokea Kalemie, yanaingia mto Kongo, yanakwenda mpaka bahari kuu.

Wenyeji wanajua pia kwamba milima ya ng'ambo haionekani kila siku. Wakati wa kiangazi, mwezi wa 6 hadi wa 8, vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa vinaifunika, na mtoto anaweza kukaa majuma kadhaa akidhani kwamba baada ya maji hakuna kitu. Mvua za kwanza zikinyesha, hewa inaoshwa, na asubuhi moja mlima unaonekana karibu kana kwamba umesogea usiku. Haukusogea. Ni macho yetu yaliyofunguliwa.

Wataalamu wa ardhi wanatuambia kwamba bonde hili lote ni mpasuko. Nchi ilipasuka na kuachana polepole kwa mamilioni ya miaka, maji yakajaa katikati. Milima ya Mitumba na ile ya Burundi ni kingo mbili za ufa mmoja, na bado zinaachana. Kwa hiyo ile methali ya wazee, kwamba milima haikutani bali binadamu hukutana, kwetu sisi ni kweli tupu. Tuone basi binadamu wa ziwa hili wamekutanaje.

Safari za kwenda na za kurudi

Mwaka 1972 watu wengi wa Burundi walikimbia mauaji katika nchi yao. Wengine walivuka ziwa na mto Ruzizi, wakaja Uvira na Fizi. Mwezi wa 10 mwaka 1993, Rais Melchior Ndadaye alipouawa, wakaja tena.

Mwaka 1996 ikawa zamu yetu. Vita viliingia Kivu ya Kusini, na jamaa za Uvira na Fizi zikapanda boti na mitumbwi kwenda Kigoma. Mwezi wa 11 wa mwaka huohuo kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa kule Kasulu kwa ajili ya Wakongomani. Wako watu wazima leo, wenye watoto wao, waliozaliwa katika kambi ile.

Mwaka 1997 wengi walirudi kwa meli Liemba. Wazee wanaijua. Ilijengwa Ujerumani, ikaingizwa majini Kigoma mwaka 1915, ikawekewa mizinga katika Vita Kuu ya Kwanza, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, kisha ikainuliwa kutoka chini ya ziwa. Meli iliyobeba mizinga ikaja kubeba masufuria, magodoro na watoto wa Kongo wakirudi kwao. Lakini amani haikukaa. Mwisho wa mwaka 1998 watu wengi waliuawa Makobola, katika njia hiyohiyo nzuri niliyowaeleza, na watu wakakimbia tena.

Mwaka 2015 mambo yaliharibika Burundi. Maelfu walishuka Kagunga, kijiji kidogo cha Tanzania kilichobanwa kati ya mlima na maji kama Uvira, na Liemba hiyohiyo ikawachukua kuwapeleka Kigoma. Wengine walivuka kuja kwetu, wakapewa mahali Lusenda, katika Fizi. Mwezi wa 2 mwaka 2025 Wakongomani kwa maelfu walivuka Ruzizi kuingia Burundi, na mwezi wa 12 wa mwaka huo, vita vilipofika Uvira, wakavuka tena.

Hesabuni pamoja nami. Katika miaka kama 50, kila upande wa ziwa hili umekuwa mgeni, na kila upande umekuwa mwenyeji. Hakuna mlima unaouona ng'ambo ambao haujawahi kumpokea mtu wa upande wako. Hakuna mlima ulio nyuma yako ambao haujawahi kuwa tumaini la mtu aliyekuwa katikati ya mawimbi usiku.

Nasema haya kwa sababu ninasikia maneno mengine yakisemwa. Mtu ananyosha kidole kuelekea ng'ambo na kumwambia mtoto wake: "Huko ndiko adui anakotoka." Mtoto huyo anakua akiutazama mlima kwa hasira. Siku akipewa bunduki, haulizi swali. Amani yetu inavunjikia hapo kabla risasi ya kwanza haijalia.

Sheria yasemaje

Mimi nilisomea sheria, na watu huniuliza kama sheria ina neno juu ya mambo haya. Inalo, na si neno gumu.

Kwanza, Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 17, inasema kwamba kosa la jinai ni la mtu mwenyewe. Hakuna anayeweza kushitakiwa, kukamatwa, kufungwa wala kuhukumiwa kwa tendo la mtu mwingine. Maana yake ni hii: mtu hawezi kuwa na hatia kwa sababu ya kabila lake, lugha yake, au mlima alikotokea. Aliyetenda ubaya ana jina lake, na jina hilo ndilo linalopelekwa mahakamani.

Pili, kifungu cha 30 kinampa kila mtu aliye katika nchi yetu haki ya kutembea, ya kukaa mahali, ya kutoka na ya kurudi, kwa kufuata sheria. Kifungu cha 51 kinaiagiza Serikali kulinda maisha ya amani kati ya makabila yote. Kiongozi wa kijiji au wa mtaa ni mkono wa Serikali hiyo. Akikaa kimya watu wa kijiji chake wanapomfukuza mgeni kwa sababu ya lugha yake, ameacha kazi aliyopewa.

Tatu, mkataba wa Umoja wa nchi huru za Afrika wa mwaka 1969 juu ya wakimbizi unasema kwamba kumpokea mkimbizi ni tendo la amani na la utu, wala nchi alikotoka isilihesabu kuwa uadui. Unasema pia kwamba mkimbizi harudishwi kwa nguvu. Na kwa wale waliohama bila kuvuka mpaka, ziko Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998, na uko Mkataba wa Kampala wa mwaka 2009. Zote zinashika msingi mmoja: mtu aliyehama habaki bila haki. Anarudi kwa hiari yake, katika usalama na heshima, na mali aliyoiacha bado ni yake.

Wazee wetu walijua jambo hili kabla ya vitabu. Wabembe wana lubunga, mahali wazee wanapokaa kukata maneno. Warundi wana bashingantahe. Pande zote mbili za ziwa ziliona kwamba ugomvi unamalizwa na watu waliokaa chini, wakasikia upande wa kwanza na upande wa pili.

Mambo yanayoleta ugomvi ufukweni

Sasa tushuke kwenye maji yenyewe, kwa sababu ugomvi wa wenyeji na wageni mara nyingi unaanzia pale. Nitataja mambo manne.

La kwanza ni boti inapotia nanga. Jamaa imevuka usiku, imechoka, na mtu anasimama mchangani akidai franga kwa kila kichwa. Katiba, kifungu cha 174, inasema kwamba kodi haiwekwi ila kwa sheria. Ninyi viongozi, andikeni kwenye ubao, pale boti zinapofika, ni malipo gani ya halali na nani anayapokea. Kila anayepokea atoe karatasi. Asiye na karatasi ya kutoa hana haki ya kudai. Na mgeni asidaiwe kitu kabla hajanywa maji na mtoto wake hajafunikwa.

La pili ni maji ya kunywa na choo. Ziwa ni safi kwa macho, lakini Uvira na Kalemie zimeteswa na kipindupindu miaka mingi. Watu wakiongezeka ufukweni, ugonjwa unapata njia, na ukishaingia, wenyeji wanasema wageni ndio walioleta. Msingojee siku hiyo. Tengeni pamoja mahali pa kuchota maji, mahali pa kufulia, na mbali kabisa mahali pa vyoo. Kamati ya maji iwe na mama wawili wenyeji na mama wawili wageni, kwa maana wao ndio wanaokutana pale kila asubuhi. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa.

La tatu ni uvuvi. Ndakala na mikeke hawana kitambulisho cha nchi. Samaki aliyeponyoka wavu wa Baraka anaweza kuvuliwa upande wa pili. Kwa sababu hiyo nchi 4 zilitia sahihi mkataba mmoja wa kulinda ziwa, Dar es Salaam, tarehe 12 mwezi wa 6 mwaka 2003, na mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kwa miezi 3 ili samaki wazae. Wageni wengi wanafika bila nyavu, wanaokota chandarua cha mbu na kukokota karibu na ukingo, pale samaki wadogo wanapokulia. Mwenyeji anakasirika, na ana haki ya kukasirika, lakini kumpiga hakuleti samaki. Mchukueni mgeni katika kundi la mtumbwi, afanye kazi ya kuvuta wavu au ya kuanika ndakala, apate fungu lake. Atakula, na samaki wadogo watapona.

La nne ni uwanja na shamba, nalo ndilo zito kuliko yote. Kuanzia mwaka 2020 ziwa limepanda mara kwa mara na kumeza nyumba, huku Uvira na kule Gatumba vilevile. Mwezi wa 4 wa mwaka huo mto Mulongwe ulifurika na kubomoa sehemu ya mji wa Uvira. Maji hayakumwuliza mtu kabila. Basi anayekimbia maji anapanda mlimani, anayekimbia vita anashuka kutoka mlimani, wote wawili wanakutana kwenye shamba moja dogo.

Hapa nawashauri kuandika. Karatasi moja ya daftari yatosha. Iandikwe jina la mwenye shamba na jina la anayekopeshwa, mpaka wa shamba kwa hatua na kwa alama zinazoonekana, muda wa kulima, na mimea inayoruhusiwa. Mihogo, maharagwe na mahindi ni mimea ya msimu. Mchikichi na mwembe ni mimea ya miaka mingi, na kwa desturi zetu apandaye mti anaonekana kama anadai udongo. Basi mgeni asipande mti wa miaka mingi bila ruhusa iliyoandikwa, na mwenyeji asimfukuze kabla ya mavuno. Wawepo mashahidi wanne, wawili kila upande, na mmoja awe mama. Nakala tatu: ya mwenyeji, ya mgeni, na ya mkuu wa kijiji.

Jambo moja la historia linaweza kuwasaidia viongozi hapa. Mwaka 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Uvira wakitafuta chanzo cha mto Nili. Walitaka kujua kama Ruzizi unatoka ziwani au unaingia. Wenyeji waliwaambia wazi kwamba unaingia. Hata hivyo mabishano yaliendelea huko Ulaya zaidi ya miaka 10, mpaka Livingstone na Stanley walipokwenda wenyewe kwa mtumbwi mwezi wa 11 mwaka 1871, wakaona kwa macho kwamba unaingia, kama ilivyosemwa. Kiongozi anayekata shauri la mpaka wa shamba akiwa amekaa ofisini afikirie habari hiyo. Aende kwenye shamba. Awaulize waliolilima.

Matembezi ninayopendekeza

Sasa nafika kwenye ombi langu. Mkuu wa kijiji au wa mtaa ulio karibu na ziwa, panga matembezi ya asubuhi moja. Usialike umati. Chagua jamaa mbili za wenyeji na jamaa mbili za wageni, na mzee mmoja au mama mmoja aliyewahi kuwa mkimbizi Kigoma au Burundi. Hamtakosa mtu kama huyo. Mshuke mpaka ufukweni jua linapotoka, mahali ambapo milima ya ng'ambo inaonekana.

Kwanza mtazame tu. Mwacheni kila mtu atazame kwa muda wake. Wako watakaolia, kwa sababu mlima ule ndiko alikomwacha mama yake. Msimharakishe.

Kisha mzee awafundishe watoto majina: mlima huu unaitwaje, kijito kile kinaitwaje, nani walikaa pale. Mtoto anayejua jina la mahali hawezi kupadharau upesi. Kisha kila mtu mzima aseme mambo matatu: nilivuka mwaka gani, nilivuka kwa chombo gani, na nani alinipa maji ya kwanza. Nasisitiza neno hili la tatu. Watu wengi wanakumbuka vizuri sana aliyewafukuza, lakini yule aliyewapa kikombe cha maji hawajamtaja miaka 20. Watoto wanapaswa kusikia habari zote mbili. Kuwaficha ubaya uliotendeka Makobola na kwingineko ni kuwadanganya; kuwaficha wema ni kuwadanganya vilevile.

Mwisho mkae chini, mzungumze jambo moja tu katika yale manne niliyoyataja, mkate shauri lake, mliandike kabla ya kuondoka. Siku nyingine mtachukua jambo la pili.

Angalieni usalama. Kama wakuu wa ulinzi wamekataza kufika ufukweni siku hiyo, msiende. Mlima utakuwepo kesho. Msipige picha bandarini wala penye askari. Watoto washikwe mkono, wasiogelee kwenye midomo ya mito, hasa Ruzizi, kwa maana kuna mamba na viboko. Na wakati upepo wa kusini unavuma, mwezi wa 5 hadi wa 8, mawimbi ni makubwa. Msipande mtumbwi kwa kujifurahisha, wala msikubali boti iliyojaa kupita kiasi hata kama nauli ni ndogo.

Ninyi mlio ng'ambo, Burundi au Kigoma, nanyi mnaweza kufanya matembezi haya mkielekea upande wa pili. Kaskazini ya Kigoma kuna mbuga ya Gombe, ambako watu wanafika kutoka nchi za mbali kutazama sokwe, na jioni wanakaa mchangani kutazama jua likizama nyuma ya milima ya Kongo. Wao wanaona uzuri. Ninyi mnaona uzuri huo, na pamoja nao mnaona paa la shule, kaburi la babu, shamba la mihogo ambalo hamjui sasa nani analilima. Waelezeni watoto mambo hayo yote. Wekeni vizuri kila karatasi mliyo nayo: hati ya uwanja, cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule, hata kama kimelowa maji. Asiye na karatasi aandike sasa, akiwa bado anakumbuka, majina ya majirani wa kila upande wa shamba lake. Siku ya kurudi, na muda wa kurudi mtauchagua ninyi wenyewe, majirani hao ndio mashahidi wenu.

Najua kwamba matembezi ya asubuhi moja hayasimamishi vita. Walioshika bunduki wana mabwana wao na faida zao, na mambo hayo yanamalizwa mahali pengine, nasi lazima tuendelee kudai yamalizwe. Lakini vita vikipita, wanaobaki ufukweni ni ninyi. Kama mmebaki na maji mnayochota pamoja, na karatasi ya shamba yenye majina ya mashahidi wanne, na watoto wanaojua nani aliwapa wazazi wao maji, basi mnacho kitu cha kuanzia. Kama mmebaki na kidole kilichonyoshwa ng'ambo, vita vitawarudia hata bila askari wa kutoka mbali.

Maswali kwa vikundi vya wasikilizaji

Someni maneno haya pamoja, mmoja akisoma kwa sauti, kisha mjadiliane:

1. Katika kijiji chenu, nani amewahi kuwa mkimbizi ng'ambo ya ziwa? Alipokelewaje?

2. Boti zinapofika kwenu, nani anadai malipo, na anatoa karatasi gani?

3. Ni jambo lipi kati ya yale manne linaloleta maneno mengi zaidi kwenu: malipo ya boti, maji na choo, uvuvi, au shamba? Nani wakae chini kulimaliza, na siku gani?

4. Watoto wenu wanajua majina ya milima wanayoiona ng'ambo? Nani atawafundisha?

Ndugu wasikilizaji, mazungumzo yajayo yatahusu karatasi ya shamba: namna ya kuiandika, na la kufanya ikiwa upande mmoja umeivunja. Mpaka siku hiyo, wakuu wa mitaa, tayarisheni daftari. Jamaa mlio safarini, Mungu awalinde mpaka mfike. Kwaherini.